Alama Kumi na Nne

Umoja wa Msaada wa Sikisti-foo ulikuwa na kanuni kumi na mbili, na kila Pasaka zilisomwa zote kwa sauti mbele ya wanachama waliokwisha kula wakashiba. Wanaume walisinzia. Wengine walikoroma kabisa, na hakuna aliyewalaumu, maana mtu aliyebeba magogo siku sita ana haki ya kulala ya saba. Namalwa, mke wa fundi Wepukhulu, hakusinzia hata mara moja. Hakujua kusoma, hakuwa na kitabu cha kurudia baadaye, kwa hiyo alichokisikia alikishika. Kwa miaka minane alizisikia kanuni zile, na zote alikuwa nazo kichwani kwa mpangilio wake, pamoja na mahali ambapo karani alizoea kukohoa.

Sikisti-foo ni Eldoret, kwa ninyi mliozaliwa juzi. Umoja wenyewe ulianzishwa na watu waliotoka magharibi, Wabukusu na Wamaragoli waliofuata kazi kwenye reli, kwenye viwanda vya mbao na kwenye majiko ya Makaburu. Mpango wake ulikuwa rahisi. Kila mwezi unatoa haki yako, yaani mchango. Ukiugua umoja unakutibu, na ukifa umoja unakuzika, sanduku zuri la mbao na lori la kukufikisha kwenu. Masanduku yalikuwa kazi ya Wepukhulu. Tangu aingie alikuwa amewatengenezea wenzake ishirini na matatu, na hakuna hata moja lililoachia kwenye kona.

Fundi huyu ndiye aliyeanza kutetemeka. Ulianza mkono wa kulia, kidole gumba na cha shahada vikisuguana pole pole, kama vya mtu anayesaga ugoro. Ajabu yake ni kwamba mkono ulitulia ukishika kazi. Akishika randa, randa ilikwenda sawasawa mpaka mwisho wa ubao. Akiiweka chini na kupumzisha mkono gotini, mkono ulianza safari yake wenyewe. Kwa hiyo kwenye karakana ya Kaburu aliyemwajiri hawakujua kitu kwa muda mrefu. Waliotangulia kujua walikuwa mke wake na kitabu cha umoja.

Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, karani Elphas alizunguka lokesheni nyumba kwa nyumba akiwa na kitabu kikubwa chenye jalada jeusi, na kikopo chenye kitambaa kilicholowa wino. Mwanachama anatoa haki yake, anabonyeza kidole gumba kwenye mstari wake, basi. Kanuni ya nne ilisema alama iwe safi. Iliyokorogeka ni sawa na isiyokuwepo, na mwenye kukosa tatu anafutwa. Walioitunga walikuwa wamevaa kipande shingoni miaka mingi, kile cheti cha kazi chenye alama za vidole, wakajifunza kwamba mkubwa wa kazi haamini jina lako bali kidole chako, na walipopata kitabu chao wenyewe wakaona wasipitwe.

Sasa kubonyeza kidole ni kuutuliza mkono juu ya karatasi, na mkono wa Wepukhulu ulikuwa ukitulizwa ndipo unatetemeka. Mwezi wa tatu wa mwaka wa hamsini na sita alama yake ilitoka kama kitu kilichoburutwa. Elphas akatikisa kichwa. Mwezi wa nne ikawa vile vile, na Elphas akamwambia Namalwa kwamba yeye hana la kufanya, kanuni ni kanuni, imebaki moja.

Mwezi wa tano Namalwa alimpokea karani nje, akampa kiti na kikombe cha chai na sahani ya viazi vitamu. Akamwambia kwamba mumewe, Baba Khisa, amechoka, amelala, lete kitabu nikampelekee huko huko. Akaingia chumbani. Wepukhulu alikuwa amegeukia ukutani, macho yamefumba, ingawa pumzi yake haikuwa ya mtu aliyelala. Namalwa alichovya kidole chake mwenyewe, akakibonyeza kwenye mstari wa mumewe, akapuliza wino mpaka ukakauka. Elphas aliitazama alama, akaiona safi, akamaliza kiazi chake. Alitakiwa aone kidole kikibonyezwa kwa macho yake, lakini viazi vya Namalwa vilikuwa vinasifika lokesheni nzima.

Alifanya hivyo miezi kumi na minne. Jambo hilo hawakulizungumza, mke na mume, hata siku moja. Wepukhulu aligeukia ukutani kila Jumapili ya kwanza, na Namalwa alichemsha viazi.

Ugonjwa haukusubiri. Ulishuka mguuni, hatua zikawa fupi fupi, kama za mtu anayepita kwenye utelezi. Ukapanda usoni, na hilo ndilo lililomwumiza Namalwa kuliko yote. Uso wa Wepukhulu ulikauka. Mtu aliyekuwa akicheka mpaka machozi yakamtoka sasa alikutazama tu, na hukujua amefurahi au amekasirika, amekusikia au hakukusikia. Halafu wiki ya pili ya Juni, mwaka wa hamsini na saba, mchana kweupe, alianguka barabarani karibu na stesheni, akagaagaa kwenye matope bila kuweza kujiinua. Wanachama wanne walimwona. Kabla ya jioni, lokesheni yote ilijua kwamba fundi wa masanduku amelewa chakari. Kaburu naye alisikia, akamwambia asirudi karakana.

Aliyemwinua alikuwa Kiptoo, dresa wa hospitali ya serikali, Mnandi mpole aliyezoea kuongea kama mtu anayefungua bendeji. Alimpeleka kwa daktari, na daktari alimtazama fundi akitembea, akamnyoosha mkono, akasema jina la ugonjwa. Kiptoo alimweleza Namalwa kwamba unaitwa Pakinson, hauletwi na pombe wala na uchawi, na dawa za kuuponya hazipo. Lakini Nairobi alikuwepo mpasuaji kutoka ng'ambo, amekuja kwa wiki chache, anawatoboa watu kama hawa tundu dogo kwenye fuvu na kuua kile kipande kinachotetemesha. Wengine waliamka mkono umetulia. Katika kila watu kumi, mmoja au wawili hawakuamka. Kitanda kingeweza kupatikana, ila hospitali ilitaka kwanza barua ya mwenye kubeba gharama, na barua hiyo iwe kwenye posta Jumatatu ya tarehe mosi Julai. Baada ya hapo mpasuaji angefunga mizigo yake.

Namalwa aliona jambo limekwisha. Umoja ulikuwepo kwa ajili ya siku kama hiyo. Alikwenda kwa mwenyekiti, Mzee Murunga, akiwa na barua ya daktari mkononi na moyo mwepesi kabisa.

Kamati ilikaa Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili kwenye darasa la kanisa. Wazee walikuwa saba, wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto. Elphas alisoma barua ya daktari, akiigeuza kwa Kiswahili kadiri alivyoweza. Alifika mahali akanyamaza. Akarudia kwa macho. Kisha akasema kwamba, kama anasoma sawa, daktari huyu wa Nairobi akishatoboa tundu anatia spiriti ndani ya kichwa.

Kwa wazee wale, spiriti ilikuwa pombe. Umoja ule ulikuwa wa watu walioacha pombe kwa kiapo. Kanuni ya saba ilikataza hata senti moja kutumika kwa jambo la ulevi, na ugonjwa ulioletwa na pombe haukutibiwa. Mzee mmoja aliuliza, kwa utaratibu kabisa, kama umoja unaombwa umnunulie mtu kinywaji na kumpitishia utosini. Namalwa alijibu kwamba spiriti ndiyo dresa anayooshea vidonda, na umoja umelipia vidonda vingi. Mwingine akacheka kidogo, akasema na wewe mama, na jina lako hilo la waliozaliwa msimu wa pombe, tutakusikilizaje. Namalwa alikwisha kuzoea utani huo. Siku hiyo ulimchoma.

Mzee Murunga hakucheka. Alikuwa nyapara wa reli, mtu mzito, mwaminifu, na alikuwa na kidonda chake.

"Mama Khisa," alisema, "mimi nilizika ndugu yangu. Alitetemeka hivi hivi, akaanguka barabarani hivi hivi. Haikuwa ugonjwa. Ilikuwa chang'aa."

Namalwa aliwaambia daktari ameandika kwamba ugonjwa huu ni wa miaka. Hapo ndipo Elphas alipofungua kitabu. Alikigeuza ili wazee wote waone mstari wa Wepukhulu. Alama safi karibu miaka saba, akasema. Mbili zimekorogeka mwaka jana. Halafu kumi na nne safi tena, mpaka mwezi huu. Kama mkono unatetemeka mwaka mzima na zaidi, mbona kidole hakitetemeki? Yeye kwa maoni yake aliona mtu aliyeonja pombe mwaka jana, akaacha, na sasa amerudia.

Wazee walitikisa vichwa kwa huzuni ya kweli. Walimpenda fundi wao. Walikataa, wote saba, chini ya kanuni ya saba.

Namalwa alitoka nje, akashika mti wa bendera. Alama zake kumi na nne, alizoziweka ili mumewe asifutwe, ndizo zilizomfanya mlevi. Na hakuna mtu mwingine wa kumlaumu.

Wiki ile ilikuwa mbaya. Alipika hakula. Aliota moto akaona kidole chake gumba kwenye mwanga, chenye kovu la panga lililokipita mshazari tangu akiwa msichana wa kukata kuni, akakificha chini ya leso kana kwamba kuna mtu anayemtazama. Kanuni ilimruhusu mwanachama kusikilizwa mara ya pili, na Mzee Murunga alikubali, Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa. Lakini akasikilizwe kwa neno gani? Akikaa kimya, Wepukhulu ni mlevi. Akisema, kanuni ya kumi na moja inangoja: alama ya uongo ikigunduliwa, mwanachama anafutwa. Huku na huku kulikuwa na ukuta. Jumanne alimwendea Kiptoo kumwomba daktari aandike barua kali zaidi, na Kiptoo akamwambia kwa upole kwamba daktari akiandika barua kumi, hata moja haitashinda kile kitabu.

Alizipitia kanuni akifua, akichota maji, akimfunga mumewe vifungo vya shati. Ya kwanza mpaka ya kumi na mbili, halafu tena ya kwanza. Alhamisi, akiwa ameinama kwenye beseni, alisimama ghafla na sabuni mkononi. Alikuwa amesikia maneno machache ya kanuni ya kumi na moja ambayo kila Pasaka yalipita wakati Elphas anakohoa. Akayarudia polepole. Kisha akairudia ya tisa. Hofu yake haikupungua. Ilibadilika tu, ikawa na umbo.

Alitaka kumwambia Wepukhulu. Alikaa mbele yake jioni hiyo akafungua mdomo, na ule uso mkavu ukamtazama, na mkono ukasaga ugoro wake gotini. Alishindwa. Alimwuliza kama uji una sukari ya kutosha.

Jumamosi mvua ilinyesha tangu asubuhi. Safari hii Namalwa alimleta mumewe, wakivuka matope hatua moja moja, akamkalisha kwenye dawati la nyuma. Wazee walimsalimia fundi kwa macho ya pembeni. Mzee Murunga alisema watasikiliza, lakini kama ni barua nyingine ya daktari, wasipotezeane wakati.

"Si barua, Mzee," Namalwa alisema. Sauti yake ilitoka ndogo, akaisukuma. "Ni hiyo kitabu. Hizo alama kumi na nne za mwisho si za Baba Khisa. Ni zangu."

Elphas alisema mara moja kwamba mama amechanganyikiwa kwa sababu ya mgonjwa, na mtu amsamehe, maana yeye karani ameona kidole cha fundi kila mwezi kwa macho yake mawili. Alisema haraka mno. Namalwa alimwonea huruma. Viazi alipika yeye mwenyewe, na alijua alivyovipikia. Lakini alikuwa amefika mahali ambapo hakuna nafasi ya kumbeba mtu wa pili.

Aliomba kikopo cha wino. Akachovya kidole gumba, akakibonyeza nyuma ya bahasha ya daktari, akamsogezea mwenyekiti. Mzee Murunga alivaa miwani. Alichukua bahasha na kitabu, akaenda dirishani palipokuwa na mwanga, akasimama hapo muda mrefu huku mvua ikipiga bati. Namalwa alijua anachokitazama. Kovu lilikata alama kwa mshazari, mstari mweupe mwembamba. Lilikuwa kwenye bahasha, na lilikuwa kwenye kitabu, Mei, Juni, Julai, moja chini ya nyingine, kumi na nne.

Mzee Murunga alirudi akaketi. Alimtazama Elphas, na Elphas akafunika kalamu yake.

"Mama Khisa, kanuni ya kumi na moja unaijua?"

"Naijua, Mzee."

"Iseme."

Aliisema. Aliisema yote, bila kikohozi: "Alama ya uongo ikigunduliwa, mwanachama atafutwa kitabuni, tangu mwezi ule alama hiyo ilipowekwa."

"Basi umemfuta bwana yako kwa mdomo yako mwenyewe."

"Nimemfuta tangu Mei ya mwaka jana," Namalwa alisema. "Si mbele ya hapo. Machi na Aprili, hizo mbili zimekorogeka, ni zake. Alikuwa mwanachama kamili, haki yake ametoa, na mkono ulikuwa umeanza. Nyinyi wenyewe mmeona kwa kitabu. Na kanuni ya tisa inasema, ugonjwa ulioanza mtu akiwa mwanachama kamili, umoja utautibu mpaka mwisho wake. Haisemi akiendelea kuwa mwanachama. Inasema ulioanza. Mimi sisomi, Mzee. Msome muone kama nimeongeza."

Hakuna aliyehitaji kusoma, ila walisoma. Kitabu cha kanuni kilipita dawati kwa dawati. Yule mzee wa utani wa jina aliinamisha kichwa akasoma kanuni ya tisa mara mbili, kidole kikifuata mistari. Mwingine aliuliza kwa sauti ya chini ni kwa nini basi mama hakusema tangu mwanzo kwamba fundi ni mgonjwa. Namalwa alimwambia kwa sababu ilibaki alama moja tu afutwe. Alimwambia bila hasira, ingawa hasira alikuwa nayo.

Mzee Murunga alikunja mikono. Kwa mara ya kwanza alionekana amezeeka.

"Unajua unachokitupa?" aliuliza. "Kuzikwa ni kwa mtu ambaye jina yake iko kitabuni siku anakufa. Tukimfuta tangu Mei, tutalipa daktari, hiyo siwezi kataa. Lakini akifia mezani kwa huyo Mzungu, hakuna sanduku. Hakuna lori. Atazikwa huko Nairobi na watu hawamjui, na sisi hatutaweza kufanya kitu."

Namalwa alikuwa amelijua hilo tangu Alhamisi, tangu beseni. Hata hivyo lilipotamkwa alishika kona ya dawati. Kwao mtu hazikwi popote tu. Baba yake Wepukhulu amelala nyuma ya nyumba yake, na babu yake kando yake, na nafasi ya Wepukhulu iko, inajulikana, watoto hawachezei hapo. Na mtu aliyewapeleka wenzake ishirini na watatu nyumbani ndani ya mbao zilizopigwa randa vizuri, yeye angefukiwa ugenini kama mtu asiye na mtu. Aligeuka kumtazama. Wepukhulu alikuwa amekaa vile vile, uso umekauka, macho yamemkazia. Alitafuta ndani yake ndiyo au hapana, hata hasira, hata lawama. Hakuona kitu. Ni mkono tu uliokuwa ukisaga.

"Najua, Mzee," alisema. "Andika barua."

Iliandikwa pale pale, na Mzee Murunga mwenyewe ndiye aliyeandika, maana mkono wa Elphas haukuwa na hamu. Kisha akafungua kitabu kikubwa, akapiga mstari mwekundu kwenye jina la fundi, kuanzia Mei. Alipomaliza alibaki ameshika rula, akasema peke yake kwamba ndugu yake hakuna aliyempeleka kwa daktari.

Njiani Wepukhulu alihesabu hatua zake. Namalwa alimshika kiwiko, akaongea yeye, akaongea mno, kuhusu matope, kuhusu blanketi la kubeba, kuhusu mtoto wao Khisa aliyekuwa Turbo kazini na atakavyopelekewa habari. Nyumbani fundi alikaa kitandani. Akasema, kwa ile sauti yake mpya iliyofifia, kwamba zile mbao za mtarakwa chini ya kitanda ni za umoja, alikuwa amezikausha kwa sanduku lijalo. Wampelekee mwenyekiti kabla hawajasafiri. Asije mtu akasema fundi ameondoka nazo.

Ndiyo maneno yote aliyoyasema kuhusu jambo lile. Namalwa alizivuta mbao moja moja, akazifuta vumbi, akazifunga kamba. Alilia akizifunga, kimya, mgongo akiwa amempa. Hakujua kama Wepukhulu anamchukia, wala hakuthubutu kumwuliza, kwa sababu angeweza kujibu.

Jibu la Nairobi lilikuja kwa simu ya hospitali. Kitanda kipo, aje na treni ya Ijumaa. Siku hiyo jua lilitoka baada ya wiki mbili za mvua, na stesheni ilijaa magunia, kuku na Makaburu waliosindikiza watoto wa shule. Kiptoo alikuja mbio na kanzu yake nyeupe, akiwa na karatasi iliyokunjwa. Hospitali ya Nairobi iliituma ili ijazwe kabla ya mgonjwa kupanda. Aliisoma taratibu. Mimi, ambaye jina langu liko hapa chini, nimeelezwa juu ya upasuaji huu wa kichwa. Nimeelezwa kwamba naweza kupona, naweza nisipone, naweza kufa. Nakubali.

Kiptoo aliweka karatasi juu ya sanduku la bati, akatoa kikopo kidogo cha wino. Alisema wanataka alama ya mgonjwa mwenyewe, na iwe safi. Kama mkono wake hauwezi, sheria inamruhusu mke aweke yake, kwa niaba.

Wepukhulu alijaribu. Namalwa aliiweka mikono yake nyuma ya mgongo akakaza vidole asije akamsaidia. Kidole kilishuka kwenye karatasi, kikatulia, na kilipotulia tu kikaanza. Wino ukaburutika mpaka ukingoni. Kiptoo alitazama saa ya stesheni, akamtazama mama.

"Weka wewe, Mama Khisa."

Namalwa hakusogea. Miezi kumi na minne kidole chake kilijua njia, kwa wizi, chumbani, huku viazi vinapoa nje. Sasa kilikuwa kinaombwa, mchana, mbele ya watu, kwa sheria, na hakikutaka kutoka. Alama hii ilikuwa ya kuruhusu tundu kwenye kichwa cha mumewe. Akiamka, itakuwa ni yeye aliyemwamsha. Asipoamka, itakuwa ni yeye pia, na alikwisha kumnyang'anya hata sanduku la kurudia kwao. Treni ilipiga honi. Akasema, "Siwezi, Baba Khisa. Niambie kwanza. Niambie kama umenikasirikia."

Wepukhulu aligeuza kichwa. Ilimchukua muda, kama kila kitu siku hizo. Uso ulikuwa ule ule, hauna habari. Lakini alinyoosha ule mkono unaotetemeka, akaushika wa mke wake kutoka nyuma ya mgongo wake, na ukishika kitu mkono ule ulitulia. Akauleta mpaka kwenye kikopo cha wino.

"Weka tu, mama," alisema. "Si umezoea?"